Je, droni itampelekea mama insulini Kinango?

SWALI: Mimi naishi Kisauni, mama yangu mzazi yuko upande wa Ndavaya, Kinango. Ana sukari na presha, na hujidunga insulini asubuhi na jioni. Zahanati ya karibu mara nyingi huwa haina, kwa hivyo mimi hununua huku Mombasa, namtumia kwa matatu hadi Kinango, kisha boda boda humalizia. Mvua ikinyesha njia hukatika. Nimesikia kwamba Rwanda, na hata Kisumu, dawa zinapelekwa kwa droni. Je, huduma hiyo inaweza kutufikia? Insulini haiharibiki huko angani? Na cheti cha daktari kitakaguliwa na nani?

JIBU: Dadangu, ahsante kwa swali, na mama mpe pole na salamu zangu. Kujidunga insulini mara mbili kwa siku ukiwa mbali na lami ni kazi nzito, na wewe unayehangaika na vifurushi kila mwezi una haki ya kuuliza kama kuna njia iliyo nyepesi zaidi.

Nikujibu kwa ufupi kwanza. Ndege hizi zina uwezo wa kufika Ndavaya, hilo halina ubishi tena. Ila zikija hazitatua uani kwa mama. Zitashusha mzigo kwenye kituo cha afya, na mama ataupokea pale kwa muuguzi. Kituo kikiwa kimefungwa, au muuguzi akiwa peke yake na foleni ya watu sitini, dawa iliyopaa kwa nusu saa itakaa mezani hadi jioni. Mimi ni mfamasia, kazi yangu ni dirishani, na nitalitazama jambo hili kutoka hapo: nani anaihitaji dawa, nani amethibitisha kwamba ndiyo, na nani atamweleza mgonjwa namna ya kuitumia.

Huduma iliyovuma zaidi ni ya kampuni ya Zipline, iliyoanza kazi Rwanda Oktoba 2016 katika kituo cha Muhanga, ikipeleka damu kwa hospitali za mashambani. Ghana ilifuata 2019. Kituo chao ni bohari lenye friji na rafu za dawa. Hospitali ikikosa kitu hupiga simu au hutuma ujumbe, ombi huthibitishwa, dawa hufungwa kwenye boksi la karatasi ngumu, na boksi huingizwa tumboni mwa ndege. Ndege yenyewe si kama zile ndogo za kupigia picha harusini, zinazopaa wima. Hii ina mabawa, na hufyatuliwa kutoka kwenye reli kwa nguvu, kisha ikaenda kwa kasi ya karibu kilomita 100 kwa saa. Ikifika juu ya hospitali hushuka kidogo, mlango wa tumboni hufunguka, na boksi huteremka kwa mwavuli mdogo hadi uwanjani. Haitui pale. Hugeuza ikarudi ilikotoka, na hunaswa ikiwa bado hewani: mkiani ina ndoana, na kituoni kuna kamba iliyokazwa baina ya nguzo mbili. Betri hubadilishwa, ndege hurudi relini.

Mzigo wake ni kilo moja na robo tatu hivi, basi. Umbali inaofika ni kama kilomita 80 kutoka kituoni. Zishike namba hizo mbili, maana mengi nitakayosema yanatokana nazo.

Je, inasaidia kweli? Kwa damu ushahidi upo, na ni mzuri. Utafiti uliochapishwa 2022 katika jarida la The Lancet Global Health ulifuatilia maombi ya damu zaidi ya 12,000 yaliyopelekwa kwa droni nchini Rwanda kati ya 2017 na 2019. Kwa wastani mzigo ulifika kwa dakika 50 hivi, na ukiulinganisha na gari uliokoa kati ya dakika 79 na 98. Lililonigusa mimi zaidi ni jingine: damu iliyokuwa ikitupwa hospitalini kwa kupitwa na muda ilipungua kwa asilimia 67. Zamani kila hospitali ilijiwekea akiba ya kila kundi la damu, hata lile adimu, ikiomba Mungu lihitajike kabla halijaharibika. Ilipojulikana kwamba damu inaweza kufika ndani ya saa moja, lile kundi adimu lilikaa kwenye friji moja ya kati, likaenda palipo na mgonjwa.

Jirani zetu Tanzania nao walifanya majaribio ziwani. Mwaka 2018 kampuni za DHL na Wingcopter, pamoja na shirika la Ujerumani la GIZ, zilirusha dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40 hivi, safari ambayo kwa barabara na kivuko huweza kuchukua saa sita. Na hilo ulilosikia la Kisumu ni kweli: Zipline ina kituo Chemelil, na dawa za VVU ni sehemu kubwa ya kazi iliyowaleta huko magharibi.

Sasa tuje kwetu Pwani. Kituo cha namna hii hakiwezi kuwekwa hapa kisiwani. Uwanja wa ndege wa Moi uko ng'ambo tu ya Makupa, Mtongwe kuna kambi ya jeshi la wanamaji, na baina yao kuna bandari. Kanuni za droni za mwaka 2020, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, zinaweka kimo cha kawaida kisizidi futi 400, zinazuia kukaribia viwanja vya ndege bila ruhusa, na kurusha hadi mahali ambapo macho ya rubani hayafiki kunataka idhini maalumu. Mimi ningependekeza Mariakani. Pana lami kuu, umeme upo, na ukipiga mviringo wa kilomita 80 kutoka pale unazikusanya Kaloleni, Bamba, Ganze, Samburu, Taru na Kinango yote. Ndavaya ni kama kilomita 50 ukikata moja kwa moja, yaani nusu saa na ushei. Lamu haimo. Watu wa Faza na Kiunga, ambao Mungu anajua wanaihitaji huduma hii kuliko wengi, watataka kituo chao wenyewe.

Upepo wa kusi na mvua ya masika vitaleta siku ambazo ndege haziruki, kwa hivyo asikudanganye mtu kwamba droni haijui msimu. Inaishinda barabara ya udongo kwa mbali, lakini nayo ina mipaka yake.

Hapa sasa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo lilipo jibu lenyewe: si kila dawa inastahili kurushwa.

Fikiria mtoto aliyeumwa na kifutu akitoka kuchunga mbuzi, magharibi imeingia. Dawa ya kutegua sumu ya nyoka ni ghali, aina nyingi hutaka friji, muda wake huisha, na hakuna zahanati inayojua kama mwaka huu itapata majeruhi watano au hatapatikana hata mmoja. Kuiweka kila mahali ni kuitupa nyingi. Kutoiweka popote ni kuwafukuza watu hadi Mombasa kwa gari la kukodi huku mguu unavimba. Chupa chache zenye uzito mdogo, zinazohitajika ghafla, na mtu hajui ni lini wala wapi: hiyo ndiyo dawa ya droni. Ila hata hapo kuna sharti. Dawa hiyo inaweza kumletea mgonjwa mzio mkali, kwa hivyo iende mahali penye daktari au afisa wa kliniki, na adrenalini ikiwa tayari imevutwa kwenye bomba. Ikishushwa kwenye zahanati isiyo na mtu wa kushughulikia mzio huo, tumehamisha hatari tu.

Chanjo ya kichaa cha mbwa nayo imo. Mtu aliyeng'atwa huanza siku ileile, kisha hurudi siku ya 3, ya 7 na ya 14, na wengi hukatiza katikati kwa sababu kila dozi ni nauli na siku nzima ya kazi. Dozi hizo zikifika kituo kilicho karibu naye kwa tarehe zinazojulikana, atamaliza. Damu ya mama aliyejifungua akavuja sana, hiyo sina haja ya kuieleza, mradi iende hospitali yenye uwezo wa kuongeza damu. Na sindano ya oksitosini, inayozuia kuvuja huko, huharibiwa na joto. Kituo ambacho friji yake imezima wiki nzima kinaweza kuokolewa na kifurushi kidogo.

Upande wa pili, chupa moja ya maji ya drip ya lita moja ni kilo moja. Ndege nzima, safari nzima, chupa moja! Vidonge vya mama vya presha ni vyepesi kwa mgonjwa mmoja, lakini zahanati ina wagonjwa wake mia, na vidonge vya mia kwa miezi mitatu ni makatoni ya lori. Tena ugonjwa wa mama haukuanza jana. Kila mtu anajua leo kwamba mwezi ujao atameza vidonge vingapi, na mwezi wa baada ya huo pia. Dawa inayojulikana mapema hivyo ikibidi ije kwa njia ya dharura, ina maana mtu fulani hakuagiza kwa wakati, au kaunti haikulipa kwa wakati na mzigo wa KEMSA, shirika la serikali linalosambaza dawa, ukachelewa. Ninaipenda teknolojia hii na ningefurahi kuiona Pwani, lakini ninachokiogopa ni hiki: rafu za zahanati zibaki tupu mwaka mzima, halafu tupigwe picha tukiwa chini ya ndege inayoleta paketi tatu.

Insulini iko katikati ya makundi hayo mawili. Inajulikana mapema kama vidonge, lakini ni ghali, inataka baridi, na zahanati moja ya kijijini huenda ina wagonjwa wanne au watano tu wanaoitumia. Muuguzi huogopa kuagiza nyingi zikaoza, basi huagiza kidogo, na kidogo huisha. Kwa hali hiyo kituo cha kati chenye friji ya kuaminika, kinachorusha chupa kumi Ndavaya pale zahanati inapokaribia kuishiwa, ni jambo la busara kabisa. Kwa hivyo nikiulizwa niandike orodha, insulini ya mama yako nitaiandika, baada ya damu na dawa ya nyoka.

Umeuliza kama huharibika angani. Kwa kurushwa kwenyewe, hapana. Septemba 2019 timu ya chuo kikuu cha Galway nchini Ireland ilirusha insulini kutoka bara hadi kisiwa cha Inis Mór juu ya bahari ya Atlantiki, na ndege ikarudi na sampuli ya damu ya mgonjwa. Mwaka huohuo watafiti wa Uingereza walichunguza insulini iliyopitia mtikisiko wa droni na mabadiliko ya joto na baridi, nao hawakuikuta imeharibika. Nusu saa si kitu kwa insulini.

Kinachonitia wasiwasi ni barafu. Watu huogopa joto hadi wakaiua insulini kwa baridi. Chupa ikilazwa moja kwa moja juu ya pakiti ya barafu huganda, na insulini iliyoganda hairudi kuwa insulini hata ikiyeyuka ikaonekana nzuri. Kama mama anatumia ile nyeupe kama maziwa, mfundishe hivi: kabla ya kuvuta dawa aizungushe chupa taratibu baina ya viganja, asiitikise kwa nguvu, kisha aitazame kwenye mwanga. Inatakiwa iwe na rangi moja ya maziwa kotekote. Akiona punje au madonge yanayoelea, au utando mweupe ulioganda kwenye kuta za chupa kama chumvi, hiyo asiitumie. Kama ni ile angavu kama maji, basi ibaki angavu. Ikiwa na ukungu, aiweke kando akuite.

Chupa ambayo haijafunguliwa mahali pake ni friji, nyuzi 2 hadi 8. Iliyofunguliwa hukaa nje kwenye kivuli kwa wiki nne hivi. Na kuna habari njema kutoka hapahapa nchini. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la ndani ya nyumba katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, ambako siku moja huenda kutoka nyuzi 25 hadi 37. Wakaiweka insulini katika hali hiyohiyo kwenye maabara kwa wiki nne, na matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha haikutofautiana na ile iliyokaa kwenye friji. Mama asiye na friji anaweza kutunza insulini yake vizuri. Mtungi wa udongo unatosha: chupa iingie kwenye kikopo kikavu chenye mfuniko, kikopo ndani ya mtungi mdogo, na mtungi mdogo ndani ya mkubwa, baina yao mchanga unaomwagiwa maji asubuhi na jioni. Ukae kivulini, penye upepo, mbali na meko.

Swali lako la cheti ndilo nililolipenda zaidi, kwa sababu wengi wanaosifu droni hawaliulizi kabisa.

Dawa za mama ni za cheti. Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, inataka ziandikwe na mtu mwenye leseni na zitolewe na mtu mwenye leseni, na njia ya kusafirishia haibadilishi hilo hata chembe. Mgonjwa hatapiga simu Mariakani kuagiza kama anayeagiza pizza. Mwendo wake uwe hivi: daktari wa klinika anaandika, cheti kinaingia kwenye mfumo wa hospitali, mfamasia wa kituo cha kati anakipitia, na anayeagiza ni kile kituo cha afya kilicho karibu na mama. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 imeshafungua njia ya rekodi za kielektroniki na tiba ya mbali, kwa hivyo picha ya cheti iliyopigwa kwa simu na kurushwa kwenye WhatsApp isiwe ndiyo mpango. Picha hiyohiyo inaweza kutumiwa mara kumi na watu kumi.

Kisha kuna kile kinachotokea mzigo ukishafika. Mimi nimeona mara nyingi dirishani: mgonjwa amezoea kidonge cha presha cha rangi ya waridi, mwezi huu kaja kupewa cheupe cha duara, kwa kuwa kiwanda ni kingine. Dawa ni ileile. Nyumbani anameza cheupe kwa sababu ni kipya, na cha waridi kilichobaki pia, kwa sababu ndicho anachokijua. Wiki ya pili anaanguka chooni kwa kizunguzungu. Bahasha imeandikwa 1×1, yaani kidonge kimoja mara moja kwa siku, na yeye hajui kusoma, na hata anayejua kusoma haambiwi na 1×1 kwamba aache zile za zamani. Hilo hulimaliza muuguzi kwa dakika mbili, akiongea na mama Kiduruma, akimwomba alete za nyumbani zote mezani wazitazame pamoja. Mpango wowote wa droni usiotenga mshahara wa muuguzi huyo mimi siuungi mkono.

Kifurushi pia kisitangaze siri ya mtu. Boksi linaposhuka uwanjani watoto wote hukimbilia, na ndani yake huenda mna dawa za VVU za jirani. Nje iwe namba tu, ndani jina, na anayefungua awe mmoja aliyeidhinishwa kwa sahihi. Dawa kama mofini zinadhibitiwa na sheria yake peke yake, na hizo ningezitoa nje ya mpango hadi mengine yote yazoeleke.

Jambo la watu kukubali ni la kushughulikiwa mapema. Kabla ndege ya kwanza haijapita, chifu aitishe baraza, wazee wa kaya, wanaotunza misitu mitakatifu ya Wamijikenda, waulizwe. Makaya ya Mijikenda yaliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, lakini heshima yake ni ya zamani kuliko orodha hiyo, na chombo kinachopita juu yake kila siku bila hodi kitaleta maneno. Upande wa Shimba Hills nako kuna ruhusa ya shirika la wanyamapori. Haya yote yanawezekana. Malawi ilifungua ukanda wa majaribio ya droni huko Kasungu 2017 ikishirikiana na UNICEF, na wanavijiji walielezwa kabla ya vyombo kuruka.

Kuhusu fedha nitasema moja tu. Gharama kubwa iko kwenye kituo, wafanyakazi na leseni, na inabaki karibu ileile ukirusha mara tano kwa siku au mara hamsini. Kaunti ya Kwale, ambamo Kinango imo, ikiwa peke yake itaona ni ghali. Kwale, Kilifi na Taita Taveta zikichangia kituo kimoja, hesabu inabadilika, na Jumuiya ya Kaunti za Pwani tayari ipo kwa ajili ya kukaa meza moja. Afya ni jukumu la kaunti, na mama yuko Kwale, kwa hivyo wa kuulizwa ni wa Kwale. Ikifika siku ya wananchi kutoa maoni juu ya bajeti, mama au jirani yake asimame aulize mambo mawili: zahanati yetu ilikosa insulini siku ngapi mwaka uliopita, na nani alipaswa kuiagiza? Jibu la swali hilo litaonyesha kama Ndavaya inahitaji ndege au inahitaji karani anayejaza fomu kwa wakati. Huenda ni vyote viwili.

Sasa mama wa leo, maana hawezi kungoja yote hayo.

Siku ya klinika, mwombe daktari aandike vidonge vya miezi miwili au mitatu kwa pamoja kama presha yake imetulia. Wanaotumia dawa za VVU wamepewa hivyo kwa miaka sasa na imewapunguzia safari nyingi. Insulini nayo, mama awe na chupa moja ya akiba wakati wote, kando na anayoitumia, na kabla ya masika kuanza Aprili, na kabla ya vuli ya Oktoba, hakikisha akiba hiyo ipo. Mwishoni mwa 2023, mafuriko ya El Niño yalipokata njia huku Pwani, waliokuwa na chupa ya pili ndani hawakuhangaika kama wenzao.

Unapotuma, nunua kwenye kemisti yenye friji inayofanya kazi, uione kwa macho yako. Tumia chupa ya chai ya mdomo mpana au kikasha kidogo cha kuhifadhi baridi. Funga insulini kwa kitambaa, kisha kwa gazeti, na pakiti ya barafu ikae upande wa pili, zisigusane. Tuma na matatu ya asubuhi. Na zungumza na makanga kabla hajakipokea kifurushi, kwa sababu desturi yao ni kuweka vitu vya watu pale mbele karibu na dereva, na chini ya viti vile ndiko iliko injini. Pale panachoma. Mwambie akiweke kitini, kivulini, na umpe namba ya boda boda atakayekipokea ili kisikae stegi kikingoja.

Mwulizie mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chao. Tangu Septemba 2023 wahudumu hao wamegawiwa mikoba yenye kipimo cha presha na cha sukari, na akimpitia mama mara moja kwa wiki na kuandika namba kwenye daftari, daktari wa Kinango atakuwa na kitu cha kusoma kuliko kubahatisha.

Na ikitokea insulini imeisha kabisa, asigawanye dozi ya mwisho nusu kwa nusu akingoja kifurushi chako. Ajitahidi kunywa maji na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Akiwa na kiu isiyokatika, anakojoa mfululizo, anatapika, anahema kwa kasi au pumzi yake inanukia kama matunda yaliyoiva sana, hiyo ni dharura, hata ikiwa saa nane za usiku. Kodi gari.

Nitumie picha ya lebo ya chupa anayotumia, pande zote mbili, na ile ya vidonge vyake vya presha. Nikiona jina na kipimo nitakuambia kama kuna aina nyingine ya insulini ambayo hospitali ya Kinango inaweza kuipata kwa urahisi zaidi, ili umwulize daktari wake siku ya klinika ijayo.